Savana ya Minecraft ikipimwa kwa nyika ya Dodoma

Savana ya Minecraft, gemu ya kujenga kwa bloku, hainyeshewi hata tone. Tangu ilipoingizwa katika toleo la 1.7.2 mwaka 2013, wingu likitanda msitu unalowa, bahari inalowa, lakini ukivuka mpaka wa savana mvua inakatika pale pale, mbingu nyeusi juu na majani makavu chini. Kwa mchezaji wa Dodoma, Manyoni au Kondoa, kasoro hiyo inazidi nyingine zote. Nyika ya kwetu ni kavu, lakini si kavu mwaka mzima: hupata kama milimita 550 hadi 600 za mvua, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba ya jua. Nchi ile ile huwa ya kijani mwezi wa pili na rangi ya mkate mwezi wa tisa. Gemu imechukua mwezi wa tisa peke yake ikauita savana.

Tathmini hii inahusu mazingira ya asili (biome) ya Minecraft hadi toleo la 1.21.5 la Machi 2025, pamoja na mapendekezo ya mazingira mapya kutoka Kanda ya Kati. Amri na mafaili yanayotajwa ni ya toleo la Java 1.21.1, la kompyuta. Anayechezea simu, yaani Bedrock, atafaidika na sehemu za kujenga kwa mkono. Amri ya kubadilisha mazingira inayoelezwa hapa chini haipo huko.

Kwa umbo la miti na rangi ya nyasi, savana inastahili nne kwa tano. Shina la mgunga lililopinda na kilele bapa kama mwavuli ni kazi nzuri sana. Kwa tabia ya nchi tunaipa mbili.

Tuanze na wanyama, kwa sababu hapo kosa linaonekana haraka. Miti ni ya Afrika, ila wakazi wake wametoka mbali. Kwenye savana ya uwanda wa juu wanazaliwa lama, wanyama wa milima ya Amerika Kusini. Aprili 2024, toleo la 1.20.5 likaleta armadilo, naye ni wa Amerika. Anajikunja kuwa mpira anapoogopa, na magamba yake sita hutengeneza vazi la kumkinga mbwa. Ni mnyama aliyebuniwa vizuri, lakini kila Mtanzania anayemwona anataja kakakuona, na kakakuona ni wa huku kweli: ana magamba, anajikunja, anakula mchwa. Ingetosha kubadilisha umbo na kumpa kichuguu cha kuchimbua. Waliopatia ni punda. Anapatikana savana ya gemu, anabeba mzigo kwenye sanduku, na hapa kwetu kazi yake ndiyo hiyo hiyo, kuanzia madumu ya maji hadi magunia ya mtama. Toleo la 1.21.5 nalo lilileta ng'ombe, nguruwe na kuku wa nchi za joto, na savana ikawa na ng'ombe wake mwekundu wa kahawia mwenye pembe. Hiyo ni hatua.

Mbuyu ulikaribia kuja. Mwaka 2018, katika tamasha la MINECON Earth, wachezaji walipiga kura kuchagua mazingira ya kuboreshwa: taiga, jangwa au savana. Savana ilipangiwa mibuyu, mbuni na mchwa. Taiga ikashinda, na mwaka uliofuata toleo la 1.14 likaleta mbweha na matunda ya vichakani. Mbuyu haukuwemo bado toleo la 1.21.5 lilipotoka. Kwa kuwa wenye gemu hawajaupanda, itabidi uujenge.

Gome linalofaa ni la mgunga wa gemu, kwa sababu nje ni la kijivu ingawa mbao zake ni za rangi ya chungwa. Usitumie magogo ya kawaida. Ncha yake ya chungwa itatokeza kila tawi linapopinda. Tumia bloku yenye gome pande zote sita, inayopatikana kwa kupanga magogo manne katika mraba wa mbili kwa mbili, nayo hukupa bloku tatu. Shina la mbuyu mkubwa lifanye duara lenye kipenyo cha bloku 9, tupu katikati. Safu ya kwanza ya duara ina bloku 5, ya pili ina 2, kisha safu tano zenye 2 kila moja, halafu 2, halafu 5: jumla 24. Panda tabaka 12. Hapo umetumia bloku 288, yaani magogo 384, mafungu sita kamili ya 64. Utupu wa ndani usiuogope; mibuyu mizee huoza kiini ikabaki na uwazi ambao mtu anaingia na kusimama.

Wengi wanaharibu mbuyu kwenye matawi. Wanaanza kuyatoa nusu ya shina, na mti unageuka mwembe. Matawi ya mbuyu hutoka juu kabisa, mafupi, manene mwanzoni na yanayopungua ghafla. Toa sita kutoka tabaka la 11 na la 12, kila moja lianze na unene wa bloku 3 na kumalizika na 1, urefu usizidi 7. Ukifunga juu ya shina, weka taa ndani, la sivyo giza la humo litazalisha mazombi usiku na mchana. Majani yawe machache, vishada vya bloku 8 hadi 12 kwenye ncha tu. Mabuyu yenyewe yanaweza kuigwa kwa tunda la kakao, ila kakao haishiki kwenye gogo la mgunga wala lingine lolote isipokuwa la mti wa msitu wa mvua. Weka gogo moja la aina hiyo kwenye ncha ya tawi na uning'inize hapo.

Sasa ukitazama mibuyu ya barabara ya Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera mwezi wa nane, haina jani. Hapo ndipo tunarudi kwenye msimu, na hapo gemu inaonyesha pengo lake na uwezo wake kwa pamoja.

Ndani ya Minecraft hali ya hewa ya kila mazingira ni namba zilizoandikwa mara moja katika faili: joto, unyevu, na kama mvua inaruhusiwa kunyesha au hapana. Hakuna kinachozisogeza. Lakini tangu toleo la 1.19.3 kuna amri ya `/fillbiome`, inayobadilisha mazingira ya eneo bila kugusa bloku zake. Kwa hiyo msimu unaweza kutengenezwa kwa kuandika mazingira mawili ya mahali pamoja, moja la kiangazi na moja la masika, kisha kuyabadilishana.

Katika folda ya ulimwengu wako kuna folda ya `datapacks`. Tengeneza humo folda mpya, weka faili la `pack.mcmeta` lenye namba ya muundo 48, kisha fungua njia hii: `data/dodoma/worldgen/biome/`. Jina liwe kwa herufi ndogo. Ukiandika Dodoma kwa herufi kubwa mwanzoni, gemu haitalikubali. Nakili faili la savana la gemu mara mbili, moja liitwe `kiangazi.json` na jingine `masika.json`. Katika la kiangazi acha mvua imezimwa na uweke rangi ya nyasi 12755802, ambayo ni rangi ya majani yaliyokauka. Katika la masika washa mvua kwa kuandika `true` penye `has_precipitation`, na rangi iwe 8366138, kijani changa. Rangi hapa ni namba za kawaida. Ukibandika rangi yenye alama ya reli kama ya kwenye kurasa za wavuti, faili litakataliwa. Kwenye mafaili yote mawili orodha ya vipengele vya kuotesha, `features`, iache tupu. Amri hii haioteshi miti, inabadilisha rangi na mvua tu.

Orodha hiyo ndiyo chanzo cha kosa linalowakatisha watu tamaa zaidi. Ukitaka mazingira yako yazaliwe yenyewe ulimwengu unapoundwa, kila hatua ya kuotesha lazima ifuate mpangilio ule ule unaotumika katika mazingira mengine. Ukiweka nyasi kabla ya mti wakati savana imeweka mti kabla ya nyasi, katika hatua moja, gemu inakosa pa kuanzia na ulimwengu haufunguki. Katika kumbukumbu za makosa utakuta maneno `Feature order cycle found`. Nakili mpangilio wa savana kama ulivyo na ongeza vyako mwishoni.

Amri yenyewe ni hii: `/fillbiome 0 60 0 31 91 31 dodoma:masika`. Hilo ni eneo la 32 kwa 32 kwa kimo cha 32, na 32 mara 32 mara 32 ni 32,768, kikomo cha kawaida cha amri moja. Gemu inahifadhi mazingira katika vipande vya bloku 4 kwa 4 kwa 4, hivyo anza kwenye namba inayogawanyika kwa 4, vinginevyo mpaka utasogea usipotarajia. Kimo nacho kina sababu: mvua huangalia mazingira ya pale inapoangukia. Kama kilele cha mbuyu kimepita usawa wa 91, juu kutabaki kiangazi na chini masika.

Ili msimu ujiendeshe, tengeneza folda ya `data/dodoma/function/` na mafaili mawili ya amri. Faili la `masika.mcfunction` liwe na mistari mitatu:

`fillbiome 0 60 0 31 91 31 dodoma:masika`
`weather rain 2d`
`schedule function dodoma:kiangazi 5d`

La kiangazi lirudishe `dodoma:kiangazi` na kupanga `dodoma:masika` baada ya `7d`. Siku tano za masika kwa saba za kiangazi, uwiano ule ule wa miezi yetu. Kwa kuwa siku ya gemu ni dakika 20, mwaka mzima unakwisha kwa saa nne. Kabla ya kuanza, andika `/forceload add 0 0 31 31`, maana eneo ambalo halijapakiwa halibadiliki. Fungua upya ulimwengu. Amri ya `/reload` inasoma mafaili ya amri lakini haisomi mazingira mapya. Gemu itaonya kwamba mipangilio ni ya majaribio, endelea, kisha uanzishe mzunguko kwa `/function dodoma:masika`. Ndani ya faili usiweke mkwaju, yaani alama ya `/`, mwanzoni mwa amri. Mkwaju mmoja unafanya faili zima lisisomwe. Na kuanzia 1.21 folda inaitwa `function`, si `functions`. Maelekezo mengi ya zamani yanakosea hapo, na gemu haikuambii kitu, inakaa kimya tu.

Mbuyu unaingia katika mzunguko huo kwa bloku ya muundo (`structure_block`), ambayo kwenye Java huhifadhi hadi 48 kwa 48 kwa 48. Hifadhi mti wenye majani, kisha uondoe majani na uuhifadhi tena kwa jina jingine. Weka mafaili hayo katika `data/dodoma/structure/`, na katika kila faili la msimu ongeza amri ya `place template` yenye mahali pale pale. Hewa iliyohifadhiwa pamoja na mti mkavu itafuta majani ya masika. Majani uliyoweka kwa mkono hayapukutiki yenyewe, kwa hiyo mti hautaharibika katikati ya msimu.

Pendekezo la pili ni mto wa mchanga, na tungependa sana kuuona ukiingia rasmi. Kiangazi kikiingia mito mingi ya huku huwa barabara pana nyeupe, lakini chini ya mchanga maji yapo, yamekingwa na jua, na watu huyachimba. Gemu haina kitu cha namna hiyo. Mto wake una maji juu au hauna kabisa.

Ukijaribu kuujenga kwa kumwaga mchanga juu ya maji, mchanga unazama. Katika gemu mchanga huanguka penye hewa na penye maji vilevile. Dawa ni bamba la jiwe la mchanga. Bamba, yaani bloku nusu, likiwekwa upande wa juu linashikilia mchanga, na bado linaweza kutiwa maji kwa ndoo. Chimba mfereji wenye upana wa bloku 9 na kina cha 4. Tandika udongo wa mfinyanzi chini ili maji yasipotelee mapangoni, kisha weka bamba moja kila baada ya bloku tatu katikati ya mto, mimina ndoo ya maji ndani ya kila bamba, halafu jaza mchanga pande zote na tabaka mbili juu. Mabamba 48 yanatoka kwenye bloku 24 za jiwe la mchanga, nazo zinatoka kwenye mchanga 96. Hayo yanatosha mto wa bloku 190 hivi. Mchezaji akichimba na kuvunja bamba, chemchemi ya maji inabaki pale.

Kuna kitu kimoja kitakachovunja maana yote: katika Minecraft vyanzo viwili vya maji huzaa cha tatu bila mwisho, na shimo la 2 kwa 2 ni kisima kisichokauka. Nchi kavu yenye maji ya bure si nchi kavu. Andika `/gamerule waterSourceConversion false`, na kila bamba litakuwa na ndoo moja tu. Ghafla punda mwenye sanduku ana kazi, na umbali wa shamba kutoka mtoni una uzito, kwa sababu udongo uliolimwa unalowa tu maji yakiwa ndani ya bloku 4. Mazao ya gemu huota hata penye ukavu, ila polepole. Huo ni upole ambao mkulima wa uwele angeutamani.

Makorongo mekundu ya Kondoa yanastahili nafasi yao. Watu watasema gemu tayari ina nyanda za terakota, lakini zile ni vilima vya mistari ya rangi kama vya magharibi mwa Marekani. Kondoa ni udongo mmoja mwekundu uliochanwa na maji baada ya nyasi kwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi ili majani yarudi. Katika mafaili ya Minecraft kuna kipimo kinachoitwa mmomonyoko, lakini ni namba ya kuamua pawe tambarare au mlima. Hakuna udongo unaosogea hata punje. Ajabu ni kwamba vipande vya mfumo halisi vimo. Kondoo wakila, bloku ya nyasi inageuka udongo mtupu. Udongo wa changarawe, `coarse_dirt`, hauoti nyasi kamwe, na ukiupiga jembe unageuka udongo wa kawaida unaoweza kuota tena. Kinachokosekana ni kiungo kimoja: mvua ikinyeshea udongo mtupu kwenye mteremko, uwe wa changarawe. Kwa sasa paka makorongo kwa mkono. Udongo wa kawaida mbili na changarawe mbili hukupa nne. Kisha yatengeneze upya kwa jembe ukianzia juu, ambako nyasi bado zipo, maana nyasi husambaa kutoka kwa jirani.

Vichaka vya Itigi ni rahisi kuiga. Ni msitu wa mita tatu hadi tano, mzito kiasi cha kumzuia mtu kupita wima. Rudia `/place feature minecraft:jungle_bush` kila baada ya bloku mbili au tatu, na katikati ya vichaka panda matunda ya taiga yenye miiba, ambayo humpunguza mtu mwendo na kumchoma. Kosa ni kuacha njia iliyonyooka. Ukiona mbele zaidi ya bloku 6, ongeza vichaka.

Miamba ya mjini Dodoma, kama Mlimwa, inataka subira kuliko ufundi. Mwamba wa kipenyo cha bloku 25 na kimo cha 12 unahitaji bloku 900 hivi za ganda na ziada kidogo. Changanya andesaiti sita, jiwe la kawaida tatu, graniti moja. Graniti ya gemu ni nyekundu mno, ndiyo maana tunaipunguza ingawa mwamba wenyewe ni wa graniti. Usiumalize laini: miamba hii hubambuka kwa matabaka kama kitunguu, basi acha vidato vya bloku moja, na mawe mawili matatu ya duara juu yake.

Mwisho ni Bahi na mbuga za udongo mweusi. Simulizi ya jina la Dodoma inasema tembo alizama, *idodomya*. Tope lililoletwa na toleo la 1.19 halizamishi mtu. Unashuka kidogo tu na kuendelea kwa mwendo ule ule. Udongo wa mbuga halisi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao unastahili bloku yake yenye hali mbili: ya masika inayonasa miguu, na ya kiangazi yenye nyufa. Kwa leo, ziwa linalokuja na kuondoka linawezekana. Chimba bonde la kina cha bloku moja, 180 kwa 180, sakafu iwe tope kwenye usawa wa 62. Tope unalipata kwa kumwagia udongo chupa ya maji, lakini kwa eneo hili tumia amri. Sakafu ikiwa tayari, ongeza `fill 0 63 0 179 63 179 water replace air` kwenye faili la masika na `fill 0 63 0 179 63 179 air replace water` kwenye la kiangazi. Bloku 32,400 zinaingia ndani ya kikomo cha amri moja, na `forceload` ya eneo hilo inachukua vipande 144 vya bloku 16 kwa 16 kati ya 256 vinavyoruhusiwa kwa amri moja. Bonde lisizidi vipimo hivyo. Maji yakibaki nje ya mpaka yatatiririka kurudi ndani kiangazi chote. Na kama umeotesha nyasi za majini kwa unga wa mifupa, ziondoe kwanza kwa mstari wake wa `air replace seagrass`. Kila jani la nyasi hizo linahesabiwa kuwa maji, amri ya kukausha hailigusi, na jani moja lililobaki litaendelea kuvujia maji juu ya tope lililotakiwa kukauka.